Maisha ya Fundi Uzi, na Shati la Rafiki Yake

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1944, katika chumba kile kile cha uani ambamo mama yake bado analala. Alikuwa kitinda mimba. Dada yake mkubwa, ndiye huyu anayewasomea, alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukakataa.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1951, na tuseme ukweli, darasani hakutisha. Siku moja suruali ya mwalimu wa zamu ilichanika mbele ya wanafunzi wote. Mtoto akachomoa sindano kwenye kola yake, akasema, "Mwalimu, simama wima, usitikisike," akaishona pale pale mwilini. Mwalimu akamwambia, "Hesabu huna, lakini mikono unayo." Jina la Fundi Uzi lilianzia hapo.

Alipomaliza shule alifungua kibanda cha ushonaji nyuma ya soko pamoja na rafiki yake wa tangu utotoni. Cherehani zao zilitazamana. Uzi hakuvumilia kuona nguo iliyochanika. Waliopita kumsalimia tu waliondoka wameshonewa vifungo bila kuomba. Mwaka 1971 alimwoa muuza vitambaa wa duka la jirani, wakajaliwa binti.

Hapa baba mdogo alitaka iandikwe kwamba marehemu "alifariki ghafla." Dada mtu akamjibu, "Ghafla gani, baba mdogo? Tarehe si tuliletewa mapema!" Tena mjane wa yule rafiki alishasema wazi: "Nitakuja kumzika, lakini mkimruka mume wangu nainuka naondoka." Basi harukwi mtu.

Tarehe 14 Juni 1981, mteja wa Uzi wa miaka mingi aliingia na kitambaa cha suti ya harusi, akampita, akamkabidhi rafiki yake. Wivu ukampanda Uzi. Walipobaki wawili, alimchoma mwenzake kifuani kwa mkasi wa kukatia. Hakuchokozwa, wala haikuwa bahati mbaya. Kisha, kwa mazoea yale yale, akapiga magoti akaliziba tundu la shati mwilini mwa mwenzake, ndipo akatoka nje kupiga kelele za mwizi. Mjane alipoonyeshwa lile shati hakuuliza maswali. "Huu mkono wa shemeji," alisema. "Mwizi gani anashona hivi?"

Mahakamani Uzi alikana mpaka siku alipohukumiwa kunyongwa. Gerezani alishona sare za wafungwa. Alikuja kukiri kwa dada yake, kwenye dirisha la wageni: "Dada, nilidhani nikiliziba itakuwa haijatokea." Dada alilia sana, lakini hakumwambia kwamba si kitu. Kilikuwa kitu.

Marehemu hakuugua. Alinyongwa alfajiri ya tarehe 3 Machi 1985 akiwa mzima wa afya. Aliomba sindano akaze kifungo cha shati lake, akanyimwa. Familia inampenda na haimtetei.

Ameacha mama, dada, mke na binti mmoja. Ameacha pia mjane asiye wake, ambaye kiti chake kiko mstari wa mbele karibu na mama, na watoto wawili waliokua bila baba kwa sababu yake.

Apumzike kwa amani kwanza fundi wa cherehani ya pili. Ndugu yetu asubiri nyuma yake.