Aliyesubiri Kuambiwa Basi

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Makopo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, mkabala na kiwanda cha sabuni. Tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi ninayesoma wasifu huu. Marehemu mama alitusimulia kwamba dada alipoanza kutambaa, alifuata mwanga wa dirisha sakafuni. Ukihama, naye anahama.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore kikombe cha chai. Yeye akajaza karatasi nzima rangi ya hudhurungi, na wekundu kidogo pembeni.

"Kikombe kiko wapi?" mwalimu akauliza.

"Kikombe si unacho mkononi, mwalimu? Mimi nimechora chai."

Akarudishwa nyumbani kumwita mzazi. Baba, ambaye alikuwa fundi bomba na mtu wa maneno machache, aliigeuza ile karatasi huku na huku, akamwambia mwalimu, "Hii chai ya kwetu kabisa. Maziwa yaliisha tangu Jumatatu."

Kuanzia mwaka 1971 hadi alipostaafu mwaka 2006, marehemu alikuwa mchanganyaji wa rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja alikuja na kipande cha kitambaa au plasta iliyobanduka ukutani, naye alikoroga mpaka rangi zikalandana. Makopo yaliyokosewa, yasiyouzika, aliruhusiwa kuyachukua, na ndiyo yaliyompa jina. Aliyabeba kwa baiskeli hadi stoo ya nyuma ya nyumba, akapaka juu ya milango mibovu na mbao za masanduku. Hakuchora mtu, wala nyumba, wala mti. Ukimwuliza picha ni ya nini, alikujibu, "Tazama kwanza, maswali baadaye." Hiyo baadaye hatukuwahi kuiona.

Jumamosi tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yangu, dereva wa lori, ambaye tupo naye hapa mbele. Walijaliwa binti na mwana. Shemeji alikiri mapema kwamba haambulii kitu katika picha zile, lakini kila aliporudi safari alikwenda kwanza kukaa stoo, hata viatu hajavua. "Nikizitazama, injini inazima kichwani," alisema. Dada alizoea kutuambia kwamba sifa nyingine hakuzihitaji.

Tatizo lake lilikuwa moja: hakujua kuacha. Picha ilipopendeza, aliongeza, akaongeza tena, mpaka rangi zote zikawa tope. Nimewahi kumkuta akilia kwa ajili ya mlango wa kabati. Jumapili moja ya mwaka 1978 nilitumwa kumwita mezani. Alikuwa anausogelea tena ubao, brashi mkononi, na mimi tumbo linanguruma. Nikasema, "Basi, dada. Chakula kinapoa." Aliganda. Akarudi nyuma, akatazama weee, kisha akaweka brashi chini. "Kweli," akasema. "Imekwisha."

Tangu siku hiyo hakumaliza picha bila kuniita niseme basi. Nami ni fundi bomba kama baba, sanaa siijui. Nilisema basi njaa iliponibana. Alilijua hilo vizuri, wala hakujali. "Njaa yako ina macho," alinitania.

Mwaka 2022 alianza kuugua mapafu. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena. Mwezi Mei mwaka huu daktari alituweka chini akatueleza ukweli. Siku hiyo hiyo dada aliomba ubao mkubwa uliobaki, tukauegemeza sebuleni, akawa anapaka akiwa ameketi. Kila jioni aliniita. "Haya, sema." Nikasema, "Bado." Kesho yake, bado. Niliogopa. Nilijiambia kwamba picha isipokwisha, naye hataondoka. Na picha ilikuwa tayari zamani; safari hii niliiona hata nikiwa nimeshiba. Yeye aliongeza kwa sababu mimi nilisema bado, na pembe ya chini ikaanza kugeuka tope.

"Mdogo wangu," akaniambia, "unaniharibia picha."

Hakunigombeza. Alitumbukiza brashi kwenye kopo la maji, na hakuigusa tena. Binti yake alipotaka kuiosha aiweke, alimkataza. "Iache hapo. Mjomba wako hajasema."

Mama Makopo alifariki dunia nyumbani kwake alfajiri ya Jumatano, tarehe 10 Julai 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji. Brashi ilikuwa bado ndani ya kopo.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watano, mdogo wake, na stoo ambayo mlango wake haufunguki vizuri kwa wingi wa mbao. Picha ya mwisho ndiyo ile mnayoiona karibu na jeneza. Lile tope la pembeni ni langu, naomba lisifutwe. Kwingine kote ni yeye mtupu, na nimemkumbuka tangu asubuhi kila nilipoitupia jicho.

Dada, leo sina njaa, na nimeitazama vizuri. Basi. Weka brashi chini, upumzike kwa amani.