Kisiwa Nilichosema Hakikuwa na Mtu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba zima hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kushindana na mtangazaji. Shamba mligawane sawa, na ugomvi wangu na baba yenu mdogo nimeufuta, mwambieni aje anizike. Hayo mepesi. Zito ni moja, nalo ni la dada yenu huyu, anayewatembeza wageni kule hotelini kisiwani kama nilivyowatembeza mimi miaka thelathini na moja.

Mwanangu, yale unayowaambia wakishuka kwenye boti, kwamba wenye hoteli walikuta kisiwa kitupu, msitu na ndege tu, niliyatunga mimi. Meneja wa kwanza alitaka hadithi tamu, nami nilitaka kazi. Uongo mtupu! Palikuwa na nyumba kumi na nane pale. Hiyo baa yao ndipo lilipokuwa jiko letu, na kile kisima wanachotupia sarafu wakiomba bahati alikichimba babu yenu kwa mikono yake. Tukahamishiwa ng'ambo hii kwa siku moja, magodoro kichwani.

Bibi yenu, mama yangu, wenye hoteli wakampa ufagio, afagie majani bustanini. Asubuhi moja nina kundi la wageni wa lugha yetu, nawachekesha, nikasema kwa sauti, "Hapa hapajawahi kuishi mtu." Kugeuka, bibi yenu huyo hapo, ameegemea ufagio. Hakunitukana. Alingoja wapite, akaniuliza polepole, "Basi wewe, mwanangu, nilikuzalia wapi?"

Nikajichekesha. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kazi tu." Akarudi kufagia. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, akinipikia, akiniombea dua, asilitaje tena, na mimi kila boti ikifika nalisema lile lile. Lo, wanangu, nilimfuta mama yangu akiwa hai, ananitazama! Linaniuma kuliko hiki kifua. Na radhi sikumwomba. Nilisema kesho, kesho, mpaka nikamshika miguu tunamteremsha kaburini.

Basi nawaachia hili. Boti ya kesho ikifika, mwanangu, wapeleke kisimani kwanza, uwaambie ni cha nani. Najua meneja atafoka, na huenda ukafukuzwa, nawe una watoto wa kulisha. Kwa hiyo nyumba hii nakuachia wewe, na nyinyi wawili msimsimange. Radhi zangu mnazo zote. Mungu awaweke pamoja, awape vifua vya kusema kweli kuliko hiki changu.

Niinueni kidogo... basi, hapo hapo.

Ila usingoje kesho. Liseme sasa, kama unavyosema na wageni, nilisikie. Sema, hapa palikuwa na watu. Usilie, sema... Naona midomo inacheza. Paza sauti, mama. Sisikii.