Funguo Shingoni Mwangu

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wengine hamjambo. Nimeombwa nisimulie yale ya mafuriko shuleni kwetu, nami nimekubali, ila msinishangae nikigeukageuka kuangalia mlango. Ni mazoea. Hata leo nilipoingia ukumbini nilitafuta milango ya kutokea kabla sijaitikia salamu ya dada yule pale. Samahani, dada.

Sitamtaja mtu jina. Nitakayemsema vibaya ni mmoja tu, naye ni mimi.

Nililetwa huku kufundisha shule ya msingi ya bweni, chini ya Garissa, njia ya Bura. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Siku naondoka kwetu bara mama alilia utadhani ananizika, maana habari za shifta, wale majambazi wa bunduki, zilikuwa zimetangulia. Baada ya muda nikawa naibu wa mwalimu mkuu, na mambo ya usalama nikakabidhiwa mimi. Ndugu zangu, nawaambia, niliyashika kwelikweli. Filimbi ikilia, watoto walikimbilia bwenini, wakatia komeo kwa ndani, wakalala kimya chini ya vitanda. Nikawaongezea na hili: hata mkisikia sauti yangu nawaita, msifungue, huenda nimeelekezewa bunduki. Fungueni tu filimbi ikilia mara ya pili.

Funguo zote nilizitia kwenye kamba moja nikazivaa shingoni. Stoo, ofisi, chumba cha wagonjwa. Nilikuwa nalala nazo, naoga nazo. Mwalimu mkuu mwenyewe akitaka chaki aliniomba mimi.

Mlinzi wetu alikuwa mzee wa huku huku, mfugaji aliyemaliziwa ngamia na ukame. Sikumwamini tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiongea Kisomali na wapita njia uani, nami nikikaribia wananyamaza. Jioni watoto wakiingia bwenini, husimama mlangoni akawatazama nyuso, mmoja mmoja. Anatazama nini? Kisha mwaka ule wa mvua nyingi huko bara, nikamwona kila asubuhi anashuka mtoni kuchomeka kijiti. Leo kimoja, kesho kingine, na kila kimoja kiko karibu zaidi na shule. Nikasema, haya, ndiyo hii, anawawekea wenzake alama za njia. Nikazunguka ua peke yangu, nikakuta seng'enge ya upande wa juu, mbali na mto, imekatwa na kufungwa tena kwa kamba. Nilikasirika, na nisiwafiche, nilifurahi pia. Nilikuwa nimemshika.

Mbele ya mwalimu mkuu mzee alijieleza. Alisema mto unapanda na vijiti ni vya kuupimia. Alisema maji yatajaza laga, lile korongo kavu linalopita mbele ya shule, lango kubwa halitapitika, kwa hiyo watoto wawe na pa kutokea kwa juu. Mimi nikamcheka. Mto utapandaje, nikauliza, na hapa halijadondoka hata tone? Mimi huyo, niliyezaliwa huko huko bara maji yanakotoka! Akafukuzwa siku hiyo hiyo, kwa neno langu. Pengo nikaagiza lizibwe, na fundi, namshukuru Mungu kwa uvivu wake, akasema atakuja wiki ijayo.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, jua linawaka, maji yakaingia jikoni. Hayakuja kwa kishindo. Yaliteleza tu chini ya mlango, yana rangi ya chai, na hayakuacha kuja. Nikatazama nje: laga limejaa, lango kubwa liko katikati ya maji. Mwalimu mkuu alikuwa ameenda Garissa, na walimu wenzangu wawili wakanikodolea macho mimi. Nikafanya kile nilichokijua. Nikapiga filimbi.

Mnanielewa? Watoto wakakimbilia bwenini, wakatia komeo, wakalala chini ya vitanda, sakafuni, majini.

Nikakimbia kuwafuata. Nikaanguka, filimbi ikanitoka ikaenda na maji. Niligonga mlango, nikaita, nikalia. Ndani kimya. Walikuwa watiifu, watoto wangu wale. Mimi ndiye niliyewafundisha wasiniamini.

Mara nikasikia mtu nyuma yangu. Ni yule mzee, amepitia kwenye pengo lake, amelowa hadi kiunoni. Aliweka mdomo dirishani akatoa ule mlio wa wafugaji wa kuwaita watoto wa mbuzi jioni warudi kwa mama zao. Wengi wa wanafunzi wale wamekua wakiusikia. Ndani mmoja akacheka, na komeo likavutwa.

Tulipita pengoni, mkubwa kamshika mdogo mkono, hadi mwinuko ambako wafugaji walikuwa wamehamia tangu juzi yake. Nikahesabu watoto. Nikahesabu tena. Idadi ilikuwa kamili, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mzee naye akapita mbele yao akiwatazama nyuso, kama zile jioni.

"Mwalimu, moja hakuna," akasema. "Ile ya kikohozi."

Nikamwambia nimehesabu mara mbili. Akanionyesha msichana aliyejipanga na wetu: huyu ni wa wafugaji, kaja kutazama. Mzee hakuwa akihesabu kabisa. Watu wa mifugo humtazama kila mnyama na kumjua asiyekuwepo.

Hapo nikakumbuka. Binti wa darasa la nne, asubuhi nilimpeleka chumba cha wagonjwa. Nilishuku anajisingizia ugonjwa apate kutoroka kwenda kwao, basi nikamfungia kwa kufuli.

"Lete funguo," mzee akasema, akanyoosha mkono.

Nitawaambia aibu yangu. Mtoto yuko ndani, maji yanapanda, na mkono wangu uliishika kamba ile ukakataa. Niliwaza, stoo iko hapa, ofisi iko hapa, akienda nazo je? Niliwaza hivyo kweli. Kisha nikaivua, nikampa, nikamwonyesha ule mfupi wenye kutu.

Alikawia sana. Alimkuta amesimama juu ya meza, maji yamefika miguuni pake. Aliporudi alikuwa amembeba mabegani, binti kamshika masikio kwa mikono miwili, anakohoa. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia.

Baadaye nilimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini alirudi, baada ya nilivyomtenda. Alinimiminia chai ya maziwa kwanza.

"Wewe ndio ulinifukuza," akasema. "Watoto hawakunifukuza."

Nawashukuru wafugaji waliotulisha hadi maji yalipopungua, na mwalimu mkuu aliyekubali kumrudisha mzee kazini. Pengo lile sasa ni lango dogo. Filimbi imebaki ya bunduki, na kwa maji au moto tunagonga kipande cha reli, watoto watoke nje. Tunahesabu, halafu tunatazama nyuso. Tahadhari sijaiacha, wala msiiache. Lakini kumshuku kila mtu nilikuwa nakuita tahadhari, na karibu kuniulie mtoto.

Mwezi uliopita mlinipa mimi funguo za ukumbi huu nizitunze. Ziko kwenye msumari pale, kando ya mlango. Geukeni mzitazame, nyote.