Wasifu wa Dada Yetu, Aliyebadili Jibu Lake

Dada yetu, mwalimu wa chuo kikuu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mdogo wake wa mwisho, fundi rangi, ndiye aliyeombwa kuandaa wasifu huu, akaona haya kukataa.

Baada ya sekondari, mwaka 1983, alipata nafasi ya kusoma China. Nyumbani walidhani ni uhandisi. Aliporudi mwaka 1992 akaeleza kwamba amesomea falsafa ya Wachina wa kale. Baba akamwuliza, "Sasa hiyo, mwanangu, inajenga nini?"

"Ndicho ninachokitafuta, baba."

Alifundisha chuoni hadi alipougua. Alichambua wanayoandika wasomi wa leo kuhusu ubishi wa kale wa Wachina: je, binadamu huzaliwa mwema, au wema hufundishwa? Mdogo wake aliwahi kumwuliza nani alishinda.

"Bado wanabishana."

"Si walishakufa, dada?"

"Wao, ndiyo. Sisi tulioachiwa ndio hatulali."

Tarehe 12 Agosti 1995 aliolewa na mwalimu wa hesabu. Shemeji husema hakumshinda kwa hoja hata siku moja, ila mara nyingine alikuta mkewe kahamia upande wake kimyakimya, naye kabaki akibishana peke yake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024, mumewe akiwa kamshika mkono.

Juzi walikuja wenzake wawili wa chuoni kutoa pole. Mdogo wake akawauliza aandike nini kuhusu kazi yake. Mmoja akasema marehemu alithibitisha kwamba binadamu huzaliwa mwema. Wa pili akasema hayo aliyaandika zamani, na katika makala yake ya mwisho aliyakana. Wakavutana pale jikoni mpaka chai ikapoa. Mdogo wake akachanganyikiwa. Hakutaka kusimama mbele ya jeneza aseme uongo.

Shemeji akamwambia, "Wewe andika ulichokisikia kwake."

Alichokisikia ni hiki. Wodini, wiki ya mwisho, alimwuliza, "Dada, kwani watu huzaliwa wema?"

"Zamani ningekujibu haraka," akasema. "Sasa sijui. Usije ukawaambia watu kwamba nilijua."

Basi hatusemi kwamba alijua. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na wadogo wawili. Dada yetu na apumzike kwa amani, asiulizwe tena.