Matango ya Seremala

Seremala alikaa nyuma ya mama yake kwenye treni, akichomoa vipande vya tango kwenye mkate na kuvipanga juu ya gazeti. Mama alishapata wa kupiga naye soga, mpishi wa chekechea.

"Wajukuu zangu hawali saladi," mama alilalamika.

"Waache waikate wenyewe, mama. Watakula."

"Wanaikata vizuri tu. Halafu wanaichambua kama mchele, tango huku, nyanya kule."

"Basi kuna mtu wanamwiga."

"Nani? Nyumba nzima tunakula."

Seremala akachomoa kipande kingine cha tango. Treni ilipopunguza mwendo, mpishi aligeuka kuchukua mfuko wake, akaliona gazeti.

"Huyu ni wako, mama?"

"Ndiye baba yao," mama alijibu bila kugeuka. "Huyo hachagui chakula, nimemlea mwenyewe."

Treni ikasimama. Seremala akalikunja gazeti, matango na yote, akalitia mfukoni.