Nani Amsimamie Martini

Asubuhi ya Karatu haianzi kwa jua, huanza kwa ukungu. Na ukungu ukiisha kuinuka juu ya mashamba ya kahawa, kitu cha kwanza kuonekana kwenye njia panda ya kwendea Rhotia ni benchi letu: ubao mmoja mrefu uliokalia matairi mawili yaliyostaafu kwenye magari ya watalii, mbele ya jiko la Selina muuza kahawa. Hapo hukaa Zumu, dereva wa watalii, aliyepewa jina la lenzi ile ivutayo vitu vya mbali, kwa kuwa habari ikipita kinywani mwake hukua. Hukaa Hakimu, kijana wa bodaboda, aliyewahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kuku aliyeibiwa, na tangu siku hiyo hajashuka kitini. Hukaa mzee Moloimet wa Endulen, tumwitaye Hifadhi kwa kuwa kwao ni ndani ya hifadhi ya wanyama, ashukaye siku za mnada na mbuzi wake. Na mwisho wa ubao, upande wa jua, hukaa Martini, mtu wa makamo, kiziwi asiyesema tangu kuzaliwa. Mama yake, bibi Antonia, tulikuwa tumemzika si zamani. Alimwachia nyumba na kiwanja kando ya lami. Na siku ninayoisimulia, afisa ustawi wa jamii alitarajiwa kuja kuuliza majirani ni nani apendekezwe mahakamani kuwa msimamizi wa Martini na mali yake. Martini mwenyewe alikuwapo. Alikuwa akinywa kahawa.

Hakimu: Naanza na sheria. Msimamizi ni ndugu. Ndugu ni Fabian wa Mang'ola, baba yake mdogo. Kesi imekwisha, nimiminie kahawa.

Selina: Fabian yupi, yule wa vitunguu? Si ndiye aliyekuja msibani na mteja wa kiwanja? Sisi tunalia ndani, yeye nje anapima kwa hatua!

Zumu: Hakuwa mteja yule. Ni wawekezaji, tena kundi zima. Hapo inapanda hoteli ya ghorofa, nakwambia.

Selina: Alikuwa mtu mmoja, na alitaka mahali pa kuegesha lori.

Zumu: Hoteli zote huanza na maegesho, dada.

Hifadhi: Na huyu atalala wapi?

Selina: Fabian anasema ana stoo ya vitunguu kule Mang'ola. Eti ina hewa nzuri.

Hifadhi: Ina hewa kwa sababu kitunguu kikikosa hewa kinaoza. Mtu je?

Swali hilo lilipita juu ya vikombe vyetu, likaenda zake. Gari la watalii lilipita, vumbi likatua kwenye kahawa, na Hakimu akapuliza kikombe chake kabla ya kutoa hukumu ya pili.

Hakimu: Basi Fabian tunamkataa. Lakini mahakama haipokei mkono mtupu. Tukimkataa, tumtaje mtu. Mtu wa karibu na Martini, anayemjua nje ndani.

Zumu: Hapo umenitaja mimi bila kutaka. Huyu ni rafiki yangu wa moyoni. Hakuna siri yangu asiyoijua.

Hakimu: Wewe? Kaka, yule binti wa Mbulu aliponimwaga, nani alikaa na mimi hapa mpaka giza likaingia? Nilimweleza yote. Akanielewa, akawa anatikisa kichwa.

Zumu: Alikuwa anafukuza nzi.

Hifadhi: Vijana, msigombane. Ndugu yangu aliponidhulumu lile dume langu jeusi, sikumwambia mke, sikumwambia laigwanani, mkubwa wetu wa mila. Nilimwambia Martini.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na mtu aliyekalia ubao ule asiyekuwa amemwungamia Martini jambo. Hata padri, nadhani, hakupata kusikia theluthi yake. Kwa kuwa hasikii, tulimwambia yote. Kwa kuwa tulimwambia yote, tulijihesabu marafiki zake.

Wakati huo Noah moja ya abiria ilisimama, akashuka mwanamke kijana mwenye koti zito na begi la mgongoni. Aliomba kahawa, akakaa kwenye nafasi iliyobaki, kando ya Martini. Tulimdhania abiria anayesubiri gari la Mang'ola, tukaendelea.

Hakimu: Usimamizi si kitu cha mchezo. Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Zumu: Hapo inaingiaje?

Hakimu: Inaingia tu, ipe nafasi.

Zumu: Mimi nawaletea mambo ya dunia. Kuna mzungu nilimshusha kreta kuona wanyama, akaniapia kwamba kwao kuna paka amerithi nyumba. Paka! Na paka ana msimamizi, msimamizi ana sekretari, na sekretari ana gari. Sasa sisi tunahangaika na mtu mmoja mmoja wa nini? Tuunde kamati. Mwenyekiti mimi, katibu Hakimu, mzee Hifadhi mlezi wa walezi. Tunasimika kibao barabarani, wageni wakipita wanaona, wanashuka, wanachangia.

Selina: Kamati itakaa wapi?

Zumu: Kwenye nyumba ya Martini. Ofisi lazima iwe karibu na mlengwa.

Selina: Na mlengwa atakaa wapi?

Zumu: Tutamwajiri. Atalinda ofisi usiku.

Selina: Kiziwi awe mlinzi!

Zumu: Ndiyo uzuri wake. Kelele za usiku hazitamsumbua.

Hifadhi aliweka kikombe chini, akajifunika shuka lake vizuri mabegani. Mzee huyu akijifunika hivyo, hata Zumu huacha nafasi.

Hifadhi: Kulindwa nakujua mimi. Ninyi mnakusikia tu. Mimi nimezaliwa ndani ya kulindwa, huko juu. Mtu akija kukulinda, kwanza anakuhesabu. Halafu anakuhesabia ng'ombe. Halafu anakupiga picha. Ukitaka kupanda mahindi kidogo nyuma ya nyumba, mtoto apate uji, anakuambia hapana, unaharibu. Unaharibu nini? Unaharibu unacholindiwa.

Hakimu: Sasa mzee wangu, uko upande gani?

Hifadhi: Niko upande wa Martini. Nitamchukua kwangu Endulen, nimpe ndama, achunge. Mtu mwenye ng'ombe hapotei.

Zumu: Kiziwi malishoni? Tembo akija je?

Hifadhi: Wewe mwenye masikio umewahi kusikia nyayo za tembo? Tembo hapigi honi.

Tulicheka mpaka ubao ukayumba. Martini, alipoona tunacheka, alicheka pia, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuharibu karamu. Nadhani ni kicheko hicho kilichomharibia Zumu akili. Alimtazama Martini, akatutazama sisi, akashusha sauti.

Zumu: Jamani. Mbona amecheka?

Hakimu: Kwani kucheka kosa?

Zumu: Amecheka mahali pake. Tembo hapigi honi, kacheka. Hebu niambieni, nani aliyewahi kuthibitisha kwamba huyu mtu hasikii?

Selina: Mama yake mzazi!

Zumu: Mama yake alikuwa mama. Mimi nasema kitaalamu. Mtu anakaa benchi moja miaka yote hii, hasemi, hagombani, hakopi, anasikiliza kila mtu. Huyo ni nani kama si mtu wa Usalama? Kimya kingi kina mshindo, wahenga walikuwa wanamsema huyu huyu. Huenda nyumba si ya bibi Antonia kabisa. Nyumba ni ya serikali. Hata msiba... hapana, msiba nauacha.

Hakimu: Acha hizo, kaka.

Zumu: Naacha. Lakini wewe ulimwambia nini juu ya ile leseni yako?

Hifadhi alitazama upande wa mnada kama aliyekumbuka mbuzi. Ghafla pale benchini kila mtu alikuwa na haraka ya kujipitia moyoni. Hakimu akanyanyuka taratibu, akazunguka nyuma ya Martini, akapiga kelele kwa nguvu zote: Nyoka!

Mbwa wa fundi wa matairi wa jirani aliruka. Selina alimwaga kahawa. Martini aliinua kikombe chake, akanywa.

Zumu: Ndivyo wanavyofunzwa.

Hapo yule mwanamke wa koti zito alicheka kidogo, akafuta mikono kwenye leso, akasema.

— Shikamooni wazee. Samahanini kwa kuwaingilia. Martini akitaka maji, anaombaje?

— Nani anauliza? alisema Hakimu, akirudi kitini.

— Naitwa Sinyati. Natoka ustawi wa jamii. Nilisema nisubiri mmalize, nikaona hamwishi.

Zumu alivua kofia. Hakimu alivuta shati. Selina akaipangusa meza isiyokuwa na kitu.

— Karibu sana, dada yetu, alisema Zumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi hapa tayari tuna kamati.

— Nimeisikia. Lakini naomba nianze na hilo dogo. Leo jioni akiwa na kiu, na mmoja wenu ndiye msimamizi wake, huyo msimamizi atajuaje kuwa ana kiu?

— Anaonyesha mdomo, alijibu Hakimu. Hivi.

— Hivyo ilikuwa jino, alisema Selina. Siku ile jino lilipomuuma ndivyo alivyofanya.

— Anagonga kikombe, alisema Zumu. Tena mara mbili mbili.

— Huyo ni wewe, alisema Selina.

Hifadhi aligeuka kumtazama Martini. — Mimi, binti yangu, sijawahi kumwona akiomba.

Sinyati akamgeukia Selina. Selina akashika birika kwa mikono miwili.

— Hajawahi kuniomba, alisema. Mimi naona kikombe kimepungua, najaza. Mama yake ndiye aliyekuwa anamwelewa. Walikuwa wanaongea kwa mikono, wanacheka, wanagombana kabisa, unaweza kusimama hapo mlangoni ukawatazama. Sisi tulikuwa tunapita.

Nami nilijaribu kukumbuka. Nimekaa karibu na mtu huyu asubuhi nyingi kuliko nilizokaa na ndugu zangu wa damu. Nilikumbuka yote niliyomwambia. Zaidi ya hayo sikukuta kitu.

— Msinielewe vibaya, alisema Sinyati. Mahakama haitaniuliza kwanza nani amsimamie. Itaniuliza kama anahitaji kusimamiwa. Kuna watu wazima wasioweza kuamua, hao tunawatafutia mtu. Na kuna wanaoweza, ila hawajaulizwa. Fabian kwa upande wake amekwisha kusema: huyu hana akili, hajui hata kwake ni wapi. Nikikosa jibu hapa, litabaki hilo la Fabian.

— Muulize mwenyewe, alisema Hifadhi.

Sinyati aliweka kikombe chini, akamgusa Martini mkononi, akaanza kumsemesha kwa lugha ya alama aliyojifunza chuoni. Vidole vyake vilikwenda haraka na kwa ustadi. Martini alivitazama kwa heshima kubwa, kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Hakuwahi kupelekwa shule. Lugha ile haikuwa yake. Sinyati aliliona hilo, akaacha. Akaonyesha nyumba ng'ambo ya lami kwa kidole tu. Akamnyoshea kidole Martini mwenyewe. Akaonyesha njia ya kushukia Mang'ola. Kisha akaacha mikono wazi, viganja juu, akangoja.

Martini alitua kikombe. Akakunja mikono ya shati. Sikuwahi kumwona akikunja mikono ya shati.

Kwanza alitunyoshea kidole, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Zumu alitanua mikono, akazidi kuitanua, hata ikawa kama ameshika gogo. Kwa Hakimu aliinua kidevu na kukaza shingo. Kwa Hifadhi alijivutia mabegani shuka lisilokuwapo.

— Ananitukana? aliuliza Hakimu.

— Nadhani anakuita kwa jina, alisema Selina.

Kisha akaingia katika maneno yenyewe. Aligusa kidevu kwa kiganja, akakishusha mpaka kifuani. Alionyesha nyumba. Aliunganisha vidole viwili kama mafahali wa nira moja, akavitenganisha, akabaki na kimoja, akikitazama. Alikata hewa upande wa Mang'ola, au labda upande wa jikoni. Alichora kitu cha mviringo, akakifunga, akakifungua, akakiweka kwa uangalifu mbele ya Sinyati. Hayakuwa mapapaso ya mtu aliyechanganyikiwa. Yalikuwa na mwanzo, yalikuwa na vituo, na yalipofika mwisho yalisimama, naye akatutazama akingoja jibu.

— Amesema nini? aliuliza Sinyati.

Zumu alimtazama Hakimu. Hakimu alimtazama mzee Hifadhi. Mzee Hifadhi aliinamia fimbo yake.

— Jamani, nasema hivi, ni ninyi majirani zake. Amesema anabaki, au amesema anakwenda?

Noah ya kurudia mjini ilipiga honi. Martini alitupitia nyuso zetu zote, akaona kwamba hatujaelewa, na wala hakukasirika. Alisogea mbele kidogo kwenye ubao, akainua mikono, akaanza tena tangu mwanzo, safari hii polepole sana, akituliza kila alama hewani kabla ya kuleta nyingine, kama mtu mzima anavyosema na watoto wadogo.