Kadi Iliyokosa Sahihi ya Bi Kadi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kamusi, Bi Kadi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya kadi zake: kila neno la Kiingereza kadi moja, wino wa bluu, sahihi pembeni.

Hakupitisha kadi mpaka tafsiri yake ikae vizuri masikioni mwa mpishi wa chai wa ofisi. Wageni walidhani ni mzaha, hadi siku chai ilipochelewa saa nzima kwa sababu mpishi alikuwa bado anabishana naye.

Walikuwa wakibishania “prey on”, iliyomla wiki tisa. Waingereza wanatosheka na kitenzi hicho kimoja kwa maana tatu. Bi Kadi aligoma. Chui huwinda swala, aliandika. Matapeli huwavizia wajane, maana mpishi alishikilia kwamba tapeli akisemwa anawinda, watu watadhani ana bunduki. Maana ya tatu, ya jambo linalomnyima mtu raha, aliiandikia “kumtafuna moyoni”, akaacha nafasi ya mfano wazi. Alisema mfano mzuri haulazimishwi.

Wiki hiyohiyo akaenda kumuuguza mama yake, na kamati ikakutana. Mhariri msaidizi mmoja akainakili ile kadi kwa mwandiko wake, akatia sahihi yake, akaisoma mbele ya wakubwa. Alipigiwa makofi. Mwezi uliofuata akapewa uhariri mkuu, cheo ambacho ofisi nzima ilijua ni cha Bi Kadi.

Mhariri huyo ni mimi. Nilimvizia akiwa na mgonjwa. Aliporudi aliiona kadi, akanitazama, akanipongeza kwa cheo, kisha akaketi kuanza neno jingine. Miaka kumi na saba ameniita bosi, na kila mara nimetamani ardhi inimeze. Naona aibu hata kuandika haya.

Toleo jipya linaingia mitamboni wiki ijayo. Kadi yake halisi, niliyoificha kwenye droo ya meza yangu, imerudi kwenye sanduku la kadi ikiwa na sahihi yake, na barua yangu ya kueleza ukweli iko kwa mkurugenzi.

Bi Kadi, asante kwa kila kadi. Upumzike kwa raha, na nyumba yako isikaukiwe vicheko. Ile nafasi ya mfano nimeijaza, usipoupenda, ufute kwa wino wako wa bluu: “Kosa lile limenitafuna moyoni miaka kumi na saba.”